Jinsi ya kupanga upimaji wa ujifunzaji kwenye programu ya masta (na sio kupeleka maksi tu)

Kama wewe ni kodineta wa masta au PhD basi kuna siku utaletewa barua na ofisi ya uhakiki ubora inasema idara ilete mpango wa kupima ujifunzaji wa wanafunzi, na wengi wetu tukiipata ile barua tunafanya kitu kimoja, tunafungua eksel ya kozi weki na UE (mtihani wa mwisho wa semista), tunatoa wastani, tunaandika karibu wote wamefaulu, tunapeleka. Mi nilifanya hivyo miaka miwili mfululizo na hakuna aliyenisumbua. Mwaka wa tatu mtahini wa nje akaniuliza swali moja tu, hawa waliopata A kwenye biostatistiki, data za tasnifu zao wanachambua wenyewe? Nikakaa kimya maana jibu nilikuwa nalijua. Nusu yao walikuwa wanamlipa kijana mmoja wa stationari jirani na chuo, kaandika kabisa kwenye kibao "tunachambua SPSS kwa bei poa", SPSS ndo ile programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu.

Kwa hiyo haya ninayoandika ni namna tulivyokaa tukaupanga upya huo upimaji. Programu yetu ni masta ya afya ya jamii, wanafunzi wako kama kumi na tano kwa mwaka, wengi ni waajiriwa wanakuja jioni na wikiendi wamechoka tayari, walimu tuko saba na kati yetu wawili kila siku wako safari. Ukiwa na programu kubwa utabadilisha namba tu, mambo mengine yatakuja vilevile.

Kwanza tenganisha maksi na upimaji wa programu

Hapa ndo watu wengi wanakwama. Maksi inamjibu mwanafunzi, umepita, una sapi (unarudia mtihani), au umedisko (umeondolewa chuo). Upimaji wa programu unatujibu sisi walimu, yale tuliyoandika kwenye mtaala kwamba mhitimu wetu ataweza, anaweza kweli? Sasa mtu akiwa na 68 kwenye Mbinu za Utafiti, ile 68 ndani yake kuna mahudhurio, kuna kuwahisha asaimenti, kuna kukariri maana ya maneno, kuna kukokotoa saizi ya sampuli, vyote vimemwagwa kwenye kapu moja. Ni sawa na kupima kapu la nyanya Kariakoo, mzani utakwambia kilo ngapi ila hautakwambia ngapi zimeoza chini.

Ila usinielewe vibaya, sijasema utupe kazi za wanafunzi. Zile asaimenti, propozo na tasnifu ndo dhahabu yenyewe, kinachotakiwa ni kuzisoma upya kwa swali lingine.

Matokeo tarajiwa: punguza, halafu punguza tena

Mtaala wenu tayari unayo matokeo tarajiwa, yaani zile sentensi za mhitimu ataweza nini, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) haiwezi kuwapitishia programu bila hayo. Tatizo ni kwamba ukiyafungua unakuta kumi na nne, na nusu yake yanaanza na "mwanafunzi ataelewa" au "atafahamu". Sasa kuelewa utakuona wapi? Bloom, yule mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, na wenzake walishatupangia ngazi za kufikiri tangu 1956, zikarekebishwa 2001 na majina yakageuzwa kuwa vitenzi, kuchambua, kutathmini, kuunda, na kwenye masta tunatakiwa tuwe tunacheza huko juu. Kwa mfumo wa tuzo za vyuo vikuu hapa Tanzania digrii ya kwanza ni ngazi ya 8, masta ni ya 9, PhD ya 10, kwa hiyo kila sentensi ya matokeo jiulize swali moja la kikatili kidogo: mtu wa digrii ya kwanza hawezi hiki? Kama anaweza, hiyo sio sentensi ya masta, ifute.

Mfano sisi tulikuwa na "ataelewa kanuni za epidemiolojia". Ikawa hivi: akipewa tatizo la kiafya la halmashauri anayofanyia kazi, aunde utafiti wa kulijibu, atetee kwa nini kachagua muundo huo na sio mwingine, na aseme wazi utafiti wake hautaweza kujibu nini. Hicho kipande cha mwisho ndo masta yenyewe. Mwanafunzi wa digrii ya kwanza anakwambia utafiti wake utatatua tatizo la malaria Tanzania nzima.

Mkitaka mifano msianzie sifuri. Wale wa Marekani wanaotoa ithibati kwa shule za afya ya jamii, CEPH, kwenye vigezo vyao vya 2016 wana umahiri 22 kwa kila mtu wa MPH, yaani masta ya afya ya jamii kama yetu. Sisi tuliusoma wote, tukachekana kidogo maana 22 kwa walimu saba ni kujitafutia presha, tukabaki na sita. Kufika sita kulichukua kikao cha saa tatu na ugomvi mkubwa ulikuwa kwenye neno uongozi, kila mtu analitaka na hakuna anayejua atalipima vipi. Kuna mzee wetu mmoja kastaafu anafundisha kwa mkataba, akasema nitajieni mwanafunzi mmoja aliyewahi kushindwa uongozi hapa, na mniambie mlijuaje. Kimya. Tukaliondoa, na kweli kuna watu hadi leo wamenuna.

Wenye PhD kumbukeni hamna kozi nyingi za kuegemea, kwa hiyo matokeo yenu yatakuwa machache zaidi, pengine matatu tu: anajisimamia kwenye utafiti, ameongeza kitu kipya, na anaweza kukitetea mbele ya watu wa fani yake. Mpimieni kwenye vituo vya njiani, propozo, ripoti ya maendeleo, seminari ya idara, msisubiri mwaka wa tano ndo mgundue mtu alipotea mwaka wa pili.

Chora ramani, tena kwa karatasi

Chukua manila kubwa, juu andika matokeo sita, pembeni shusha kozi zote pamoja na propozo, tasnifu na vaiva (kuitetea tasnifu kwa mdomo mbele ya paneli). Kila mwalimu aje aweke herufi mwenyewe: T kama anatambulisha tu, Z kama anawazoeza, P kama anapima na kuna kazi anaweza kuionyesha. Kuhusu P muwe wakali, mtu akiandika P mwambie alete hiyo asaimenti mezani. Usitume fomu kwenye grupu la WhatsApp, watajaza P kila mahali ili yaishe.

Sisi ramani ilituaibisha sehemu mbili. Ya kwanza, kueleza matokeo ya utafiti kwa watu wasio wataalamu, diwani, kamati ya afya ya kijiji, mama kliniki, tuliahidi kwenye mtaala na hakukuwa na P hata moja. Ya pili ni maadili ya utafiti, T zilikuwa tano! Walimu watano, kila mmoja anaanza na Azimio la Helsinki la 1964, lile la maadili ya utafiti kwa binadamu, slaidi karibu zilezile, na hakuna aliyewahi kumkalisha mwanafunzi akaandika fomu ya ridhaa kwa Kiswahili ambacho mama aliyekuja kliniki na mtoto mgongoni atakielewa. Matokeo yake tulikuwa tunayaona bila kuyaunganisha, maombi ya kibali yanarudishwa na kamati ya maadili na fomu ya Kiswahili imejaa maneno kama "utafiti huu wa kimakundimtambuka", yaani mtu katafsiri neno kwa neno kutoka kwenye propozo yake ya Kiingereza na hata yeye ukimuuliza maana yake anacheka.

Na hapo nikajifunza kwamba zile barua za kurudishiwa maombi ni ushahidi mzuri sana wa upimaji, tena umetoka nje, hakuna mtu wa idara aliyeupika. Tunazitunza kwenye faili moja sasa hivi.

Ushahidi uchukue kwenye kazi zilizopo

Usibuni mtihani mpya wa kupima programu, utaua walimu na wanafunzi hawatautilia maanani kwa sababu hauna maksi. Masta ina kazi kubwa tayari, propozo, prezentesheni, tasnifu, vaiva. Kwa kila tokeo chagua kazi moja au mbili zinazolionyesha wazi basi. Dodoso za wahitimu na mazungumzo na waajiri weka kama nyongeza, zinasaidia kujua kwa nini, ila mwanafunzi kukwambia "nimejifunza sana" sio ushahidi kwamba amejifunza, ni ushahidi kwamba ana adabu.

Sasa tasnifu. Tusijidanganye, tasnifu iliyomaliza safari yote imepita mikononi mwa supavaiza, mhariri wa kulipwa, kijana wa SPSS, na siku hizi ChatGPT. Turnitin, ile programu ya kukagua maandishi ya kunakili, itakwambia kuna maneno yamefanana na ya mtu mwingine, haikwambii nani alifikiri. Kwa hiyo ukitaka kujua mwanafunzi anaweza kuchambua data usisome sura ya nne, ile ya matokeo, tu. Tulichofanya sisi ni hiki: wiki kama mbili kabla ya vaiva mwanafunzi anakuja na data zake na laptopu, dakika ishirini, walimu wawili, wala supavaiza wake hayumo. Tunamwambia fungua jedwali lako la regresheni (ule uchambuzi wa vitu kadhaa vinavyochangia tokeo moja), sasa toa umri kwenye modeli, endesha upya, tuambie nini kimebadilika na kwa nini. Basi. Aliyefanya mwenyewe hata akikosea unamuona anahangaika sehemu sahihi. Ambaye hakufanya anaanza kutafuta faili liko wapi.

Mara ya kwanza tumefanya na wanafunzi tisa, watano walifungua wakaendesha, mmoja alikwama katikati akajinasua, watatu hawakuweza kabisa. Na kwenye hao watatu mmoja alikuwa na A ya biostatistiki, tena A safi.

Kitu kingine ambacho lazima mkijadili mapema ni lugha. Tunafundisha masta kwa Kiingereza, ila mwanafunzi huyu amekusanya data kwa Kiswahili au Kisukuma, kazini anaongea Kiswahili, na siku ya vaiva anasimama anatetemeka na Kiingereza kinamkimbia. Niliwahi kuwa kwenye paneli ambayo dada mmoja alijibu swali la upendeleo wa sampuli kwa sentensi nne zilizokatika katika, paneli ikaandika hajui. Tukatoka nje kunywa chai, nikamuuliza lilelile kwa Kiswahili, akanieleza vizuri kuliko kitabu, akanipa na mfano wa akina mama wanaojifungulia nyumbani ambao kliniki huwapati kabisa. Sasa tulipima nini pale? Kanuni za chuo chenu zinaweza kudai vaiva iwe kwa Kiingereza na hapo huna la kufanya, ila upimaji wa programu sio vaiva, hauna maksi, kwa hiyo kwenye zile dakika ishirini sisi tunaruhusu aeleze kwa lugha yoyote anayoona itambeba, na uwezo wa kuwasilisha kwa Kiingereza tunaupima kivyake. Usichanganye.

Rubriki, na kikao cha kuigombania

Rubriki, yaani jedwali la vigezo na ngazi za kupigia alama, usiikopi mtandaoni ukaibandika ilivyo. Ichukue ya mtu kama mfano sawa, ila maneno lazima yatoke kwenu. Yetu ina ngazi nne na kila tokeo lina mistari mitatu au minne, sio zaidi. Mfano mstari wa mapitio ya machapisho, rasimu ya kwanza tuliandika ngazi ya 4 kuwa "mapitio ya kina na ya kutosha", inasikika vizuri ee? Subiri.

Tulichukua tasnifu tano za zamani, tukafuta jina la mwanafunzi na la supavaiza, kila mwalimu akapiga alama peke yake nyumbani, marufuku kuongea. Tukakutana Jumamosi asubuhi na chapati, tukaandika ubaoni. Tasnifu ya pili, mstari huohuo wa mapitio, mwalimu mmoja kaipa 4, mwingine kaipa 2. Tukawaambia elezeni. Wa kwanza anasema jamani ana vyanzo themanini na kitu, amesoma huyu. Wa pili anasema ndiyo, ila someni ukurasa wowote: fulani alisema hivi, fulani alisema vile, fulani naye akasema, ni kama mahudhurio ya kikao, hakuna sehemu hata moja anakwambia hawa wawili wanapingana na mimi nasimama wapi. Wote wawili walikuwa sahihi kwa rubriki ile, ndo maana rubriki ilikuwa mbovu.

Tukaandika upya palepale. Ngazi ya 1, anaorodhesha waandishi mmoja mmoja. Ya 2, anawapanga kwa mada ila hawaoanishi. Ya 3, anaonyesha wanakubaliana wapi na wanapingana wapi. Ya 4, anaonyesha hivyo na pengo la utafiti wake linatoka kwenye ule ubishi, sio "hakuna utafiti uliofanyika wilaya ya kwetu". Tukapiga tena tasnifu nyingine, tofauti ikabaki ngazi moja tu. Mwenzetu wa biostatistiki akataka tukokotoe kapa ya Cohen tujue tunakubaliana kiasi gani, nikamwambia bwana hizi ni tasnifu tano, kula chapati.

Hiki kikao ndo kitu chenye faida kuliko vyote kwenye mpango mzima, kuliko hata ripoti. Kama utafanya kitu kimoja tu mwaka huu fanya hiki. Na sheria moja isivunjwe, supavaiza hampimi mwanafunzi wake, hata akiapa.

Ratiba ya watu wenye kazi nyingine

Msipime yote sita kila mwaka. Mbili mwaka huu, mbili mwakani, mbili mwaka wa tatu, halafu mnarudi mwanzo. Masta ya miaka miwili maana yake kwenye mzunguko mmoja mmeshaona zaidi ya kundi moja. Weka jina la mtu na mwezi kwa kila kitu, mfano sisi kuchagua tasnifu ni Septemba, kupiga alama Oktoba, kikao Novemba kabla watu hawajaanza kuwaza likizo. Ukiandika "idara itafanya" hakuna atakayefanya, hilo unalijua.

Namba ndogo zisiwatie aibu ila msizipambe. Wanafunzi tisa usiandike asilimia 55.6, andika watano kati ya tisa, msomaji ana akili. Ukitaka kusema kitu kikubwa zaidi subiri makundi mawili matatu uyaunganishe. Na angalia sana siri, kwa kundi la watu tisa ukiandika "mwanafunzi mmoja wa kike kutoka hospitali ya mkoa" kila mtu kashajua ni nani.

Halafu matokeo yasitolewe kwa jina la supavaiza, kamwe. Siku upimaji huu utakapotumika kumsema mwalimu kwenye kikao cha idara, mwaka unaofuata kila tasnifu itapata 4 na mtakuwa mmejimaliza wenyewe.

Matokeo yakishatoka

Ripoti yetu ni kurasa mbili. Tulitarajia nini, tumeona nini, tunabadilisha nini, nani anafanya, lini tutaangalia tena. Wale watatu walioshindwa kufungua data zao walitufanya tubishane wiki nzima. Pendekezo la kwanza lilikuwa tuongeze kozi nyingine ya takwimu, na hilo ndo pendekezo linalokuja kila mara, ongeza kozi! Lakini kuongeza kozi ni kugusa mtaala, na mtaala unapanda idara, kitivo, Seneti, hadi TCU, kundi zima linaweza kuhitimu bado karatasi ziko njiani. Na ramani ilikuwa inatuonyesha takwimu zimefundishwa, ila zimepimwa kwa mtihani wa kuandika, kokotoa kwa mkono, saa tatu. Mwanafunzi hakuwahi kugusa data chafu yenye umri wa miaka 210 ndani yake.

Kwa hiyo tuliangalia tunachoweza kubadilisha sisi wenyewe. Mtihani wa mwisho tuliuacha, ila kozi weki yote ya biostatistiki ikawa ni kusafisha na kuchambua data moja ileile semista nzima, kila wiki mbili unakabidhi faili lako la amri pamoja na maelezo, na mara mbili unaitwa kueleza kwa mdomo. Kusahihisha ni kazi, sikudanganyi, mwalimu wa kozi alilalamika na ana haki, tukampunguzia mzigo wa propozo mbili. Kundi lile litafika kwenye zile dakika ishirini mwakani ndo tutajua. Kijana wa stationari naye bado yupo, ila siku hizi wanafunzi wanaenda kumlipa awafundishe badala ya kumwachia flashi waondoke, sijui hilo nalo niliweke kwenye ripoti safu gani.

Na kama barua yako inataka majibu ndani ya wiki mbili, usihangaike kumaliza vyote. Wiki ya kwanza punguza matokeo na chora ramani, wiki ya pili chagua matokeo mawili, taja kazi mtakazosoma, andika rasimu ya rubriki ya hayo mawili tu na tarehe ya kikao cha kupiga alama. Kurasa tatu zinatosha. Ile templeti ya ofisi ya ubora yenye safu kumi na moja jaza zile unazoweza, zingine andika "mwaka wa pili", mi niliandika hivyo na hawakurudisha.